Kwa Nini Fundi wa Nyangulo Hukaa Juu ya Mzigo

Kuna wakati kilima hiki cha Nyangulo kilikuwa bado hakijapata adabu yake. Gari lilijaribiwa kwa kupanda, na likishapanda likapigiwa vigelegele, likauzwa, huku aliyelitengeneza amesimama pembeni mikono mfukoni akisifiwa. Nyinyi mliotoka mbali kuja kununua pikapu mmeshangaa kuambiwa mngoje hapa juu wakati mifuko ya saruji inapakiwa. Mmeshangaa zaidi kusikia kwamba fundi mwenyewe atakaa juu ya mifuko hiyo. Nimemwona mwenzenu mmoja akicheka pembeni. Simlaumu, kwa sababu hajui. Kaeni niwaeleze, maana kupakia kunaendelea na sisi hapa hatupakii kwa pupa.

Kijiji chetu cha Idunyi kiko bondeni, na barabara kubwa inapita hapa juu tulipo. Viazi vinalimwa kule chini, wanunuzi wanapita huku na malori yao. Kwa hiyo tangu mwanzo mzigo wetu ulikuwa wa kupanda. Kilichoshuka kwa magurudumu kilikuwa gari tupu na watu wawili watatu waliobeba chumvi na sabuni zao. Hilo mlishike vizuri, kwa sababu kosa letu lilijificha humo na hatukuliona.

Zamani hizo, wakati wa baba zetu, watengeneza barabara walipomaliza kazi yao waliondoka wakaacha rundo kubwa la vyuma: injini zilizokufa, ekseli, mabomba, mitambo isiyojulikana hata jina lake. Wazee wakasema rundo lile ni la wote. Karakana zilikuwa mbili tu, moja ng'ambo hii ya kijito na nyingine ng'ambo ile, na kila baada ya mavuno kila karakana ilipewa fungu lake la chuma, sawa kwa sawa. Fungu halikuongezwa kwa mtu yeyote, hata angelia.

Karakana ya ng'ambo hii ilikuwa ya Fundi Ezekia Tweve, mtu mrefu, mkimya, mwenye kiburi cha watu wakimya ambacho ndicho kibaya kuliko vyote. Ya ng'ambo ile ilikuwa ya Fundi Obadia Mbilinyi, mfupi, mcheshi, aliyependa kusifiwa na hakuficha. Wote wawili walijua kuyeyusha, kuchonga na kuunga. Kutokana na yale makapi walitengeneza pikapu ambazo mpaka leo nikizikumbuka zilivyosimuliwa na mama yangu nashangaa walifanyaje.

Pikapu za kwanza zilikuwa dhaifu, tuseme ukweli. Zilipanda taratibu mno, hata akina mama wakatembea kando yake wakizungumza mambo yao na kuifikia barabara pamoja nazo. Nyuma ya kila gurudumu alitembea mtu mwenye jiwe mikononi. Injini ikichoka, aliweka jiwe chini ya gurudumu, gari likapumua, kisha safari ikaendelea. Watu hao tuliwaita watu wa mawe. Walikuwa ndugu wa fundi, majirani, wakwe, na mtu hakulipwa kwa kubeba jiwe zaidi ya kushiba viazi siku hiyo.

Ndipo ikaanza Siku ya Kupanda. Baada ya mavuno karakana zote mbili zilitoa pikapu mpya, zikapakiwa magunia ya viazi, zikapanda Nyangulo watu wakitazama. Huku hatukuwa na farasi wa kupimia nguvu za injini, tulizipima kwa magunia. Aliyepandisha mengi zaidi ndiye aliyepata wanunuzi wa msimu mzima, na vijana wa kazi walihamia kwake. Magunia yakishafika juu yaliuzwa, na magari yakarudi chini matupu watu wakiimba.

Mwaka mmoja Mbilinyi akapanua silinda za injini yake, akaishinda ya Tweve. Mwaka uliofuata Tweve akaongeza silinda mbili, akamshinda Mbilinyi. Mbilinyi naye akajibu. Pikapu ya Mbilinyi ilikuwa imeandikwa mbele NAKUJA, basi Tweve akaandika kwenye yake NIFUATE, na kijiji kizima kikagawanyika, hata wanandoa wakanuniana mezani kwa ajili ya injini. Nawaambia watu walikuwa na furaha. Sitaki mdhani ulikuwa wakati wa huzuni.

Magari yalipopata nguvu, watu wa mawe hawakuweza tena kwenda nayo sambamba. Mbilinyi ndiye aliyeanza kuwaambia wabaki nyumbani. Alisema gari linaloandamana na mawe linatia aibu mbele ya wanunuzi. Tweve akafanya hivyo hivyo msimu huohuo. Hakuna aliyelalamika, na kwa kweli mawe yalikuwa mazito.

Sasa fikirieni lile fungu la chuma. Fungu ni lilelile, na injini inakua kila mwaka. Chuma cha kuikuza kilitoka wapi? Kilitoka kwenye gari lenyewe. Kwanza kwenye bampa, ambayo haina kazi kubwa. Kisha kwenye milango. Kisha, kimyakimya, kila fundi kwenye karakana yake, bila mmoja kumwambia mwenzake, wakaanza kupunguza kwenye ngoma za breki, vile vyuma vya mviringo vinavyobanwa ili gurudumu lisimame. Gari tupu linaloshuka halihitaji breki nyingi, ndivyo walivyojiambia.

Ezekia Tweve alikuwa na mdogo wake aitwaye Lutengano. Baba yao alifariki Lutengano akiwa bado ananyonya, na Ezekia ndiye aliyemlea, akamfundisha kutembea na baadaye kuendesha. Hakuna aliyeendesha pikapu za Tweve siku ya mashindano isipokuwa yeye. Alikuwa ameoa karibuni, mkewe akiitwa Atupele, binti mwenye maneno machache na macho makali. Nyumba yao ilitazamana na karakana.

Ikafika misimu miwili mfululizo ambayo Mbilinyi alishinda. Vijana wa Tweve wakaanza kuvuka kijito mmoja mmoja kwenda kufanya kazi ng'ambo. Tanuru lake likakaa baridi siku nzima. Ezekia alikonda, na mama yao, Bi Sekela, akawa anamwekea chakula na kukikuta kama alivyokiweka. Mtu aliyejengwa na kazi yake ukimwondolea kazi unamwondolea mifupa. Alimwogopa Mbilinyi? Hapana. Aliogopa kuamka asubuhi akakuta hakuna aliyekuja.

Kwa hiyo msimu wa tatu akatengeneza injini ambayo haikuwahi kuonekana bondeni. Lutengano alipoijaribu mara ya kwanza alirudi akicheka kwa furaha, kisha akaacha kucheka.

"Kaka, inavuta vibaya sana, sijawahi kuona," alisema. "Lakini kwenye kushuka sijaipenda. Hata ikiwa tupu, kanyagio linazama mpaka chini ndipo lishike."

"Umezipima ngoma?"

"Nimezigusa. Nyembamba, kaka."

Ezekia aliendelea kufuta mikono yake kwa kitambaa. "Watu wanakuja kuona linavyopanda," alisema. "Tukishinda, fungu lijalo nitaziweka nzito. Nakuahidi."

Lutengano akasema, "Haya, kaka." Alikuwa amelelewa kusema hivyo.

Siku ya Kupanda ikafika, nayo NIFUATE ikapanda. Mama yangu alikuwepo na hakuwahi kulisimulia jambo hilo bila kuinuka alipokaa. Ilipita na magunia ambayo NAKUJA isingeweza hata kuyatikisa. Ilipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kubadilisha sauti. Ilifika hapa juu, hapa hapa mlipokaa, na watu waliopanda kwa njia ya mkato wakaizunguka wakiipigapiga boneti kwa viganja. Mbilinyi mwenyewe alikuja akampa mkono Ezekia. Vijana waliohama wakaanza kujipitishapitisha karibu na bosi wao wa zamani wakitabasamu.

Basi siku hiyo lori lilikuwa limeshusha saruji kando ya barabara. Ilikuwa ya kujengea zahanati ya Idunyi, na saruji yetu siku zote ilishushwa kwa vichwa vya akina mama, mfuko kwa mfuko, na waliofika chini na shingo zimepinda ni wengi. Mwenyekiti wa kijiji, akiwa amechangamka kama wengine, akasema kwa sauti, "Fundi Tweve, gari lililopanda na magunia yale litashindwa kushuka na hii saruji? Wapumzishe mama zetu!"

Umati ukashangilia. Akina mama ndio walioshangilia zaidi, na walikuwa na haki.

Ezekia akayatazama magurudumu. Watu walidhani anapiga hesabu za uzito. Alikuwa anazifikiria ngoma za breki. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema tushushe nusu, au kesho, au gari limechoka, na hakuna ambaye angeukumbuka uongo wake mpaka leo. Lakini Mbilinyi alikuwa amesimama mbele yake akimtazama, na vijana wake wanarudi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu walikuwa wanalitaja jina lake kwa heshima.

"Pakieni," alisema.

Lutengano akamsogelea. "Kaka, yote?"

"Yote."

Atupele alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari ili ashuke na mumewe. Lutengano akamshika mkono akamshusha. "Wewe pita njia ya mkato," alimwambia. "Tutakutana chini." Akapanda peke yake, akafunga mlango, akaweka gia ndogo kabisa, akaondoka polepole kama mtu anayebeba mgonjwa.

Kona ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, waliokuwa kwenye njia ya mkato walisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha honi ikaanza kulia. Hapa juu watu waliposikia honi walishangilia, wakadhani Lutengano anasherehekea ushindi. Wakapiga vigelegele wakipokezana na honi. Mama yangu alisema yeye pia alipiga, na kila alipofika hapo kwenye masimulizi alijifunika uso na kanga.

Ezekia peke yake ndiye aliyejua. Alianza kukimbia kuelekea chini, akakimbia hatua chache, akasimama, kwa sababu ni nani awezaye kulikimbilia gari? Honi ililia bila kukatika. Kule chini barabara inaingia moja kwa moja kwenye uwanja wa kijiji, na uwanjani akina mama walikuwa wameketi na watoto wao wakimenya viazi vya sherehe. Waliisikia honi, wakainua vichwa, wakaona pikapu inakuja na moshi kwenye magurudumu. Wengine walisimama. Wengine hawakuwahi hata kusimama. Na Lutengano, kwenye kona ya mwisho, palipo na ule mwamba mweusi mtakaouona mkishuka, hakukata kona. Aliuacha uwanja upande wa kushoto akaenda kwenye mwamba.

Hakuna aliyeumia isipokuwa yeye. Atupele ndiye aliyefika wa kwanza.

Hapa juu kimya kilipoingia, Obadia Mbilinyi hakushuka na wengine. Alilala chali chini ya NAKUJA yake, akazigonga ngoma za breki kwa ufunguo, akasikiliza mlio. Alipotoka chini ya gari alikuwa amebadilika uso. Alimkuta Ezekia amesimama njiani palepale alipoishia kukimbia, akamshika kiwiko, na wakashuka pamoja watu wawili ambao kwa miaka walikuwa hawasalimiani ila mbele za watu.

Kwenye msiba watu walisema yale yanayosemwa. Walisema ni ajali, walisema siku yake ilifika, walisema Mungu amempenda zaidi. Waliyasema kwa wema. Ezekia alivumilia mpaka waliporudi kutoka makaburini, kisha akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na akina mama wenzake.

"Mama, nilijua," alisema. "Aliniambia. Nikazipunguza mwenyewe kwa mikono hii ili injini iwe kubwa, na alipouliza kama apakie yote nikamwambia yote."

Watu wakainamisha vichwa. Walidhani Bi Sekela atamlaani, na kwetu laana ya mama ni jambo la kutisha. Bi Sekela alimtazama usoni, Atupele ameegemea bega lake.

"Ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza.

"Juu, mama."

"Na mwenzako?"

"Ndani ya gari."

"Na fundi Mbilinyi alikuwa wapi?"

Mbilinyi akajibu kwa unyonge kutoka mlangoni, "Nami nilikuwa juu, mama."

"Mlikuwa mnatazama," alisema Bi Sekela. "Miaka yote mnatengeneza magari mkiwa mmesimama pembeni mnatazama. Ndiyo maana mlijua kuyatia nguvu tu. Sikulaani, Ezekia, umebaki peke yako, nikikulaani nitabaki na nani? Lakini gari halitatoka tena bondeni humu kabla aliyelitengeneza hajakaa palipo na mzigo. Kama analiogopa, asimpe mtoto wa mtu."

Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti naye alikuwa na lake la kujibu kwa Mungu.

Matanuru yote mawili yakawashwa tena. Msimu huo injini hazikuguswa ila kwa kupunguzwa. Chuma kilirudi kilikotolewa, ngoma zikawa nene, na Mbilinyi alikuwa anavuka kijito kumwonyesha Tweve namna anavyozipoza, na Tweve anavuka kumwonyesha namna anavyozikaza. Gari la kwanza kuwa tayari lilikuwa la Tweve. Lilipanda taratibu, watu wa mawe wakitembea nyuma yake kama zamani, na lilipofika hapa juu likapakiwa saruji, mifuko kwa wingi uleule.

Ezekia akapanda juu ya mifuko. Ikawa sasa swali ni nani ataendesha. Vijana wakatazamana, kila mmoja akikumbuka. Mbilinyi akasema, "Nitaendesha mimi." Watu wakaguna, maana alikuwa mshindani wake, na mtu angeweza kuwaza mabaya. Lakini Ezekia akasema afadhali yeye, kwa sababu mshindani ndiye anayejua gari la mwenzake linapoficha udhaifu, na hatalionea huruma. Akakaa ameipa mgongo kabini, uso akiuelekeza huku juu. Waliomwona walidhani ni ujasiri. Haukuwa ujasiri. Hakuweza kuutazama ule mwamba.

Mbilinyi alilishusha gari kwa ukali wa makusudi, akilikanyagia breki kila kona na kuliacha tena. Halikutoa moshi. Kwenye kona ya mwisho alilisimamisha kabisa, mbele ya mwamba, likatulia na mzigo wake wote. Ezekia alikuwa analia kwa sauti juu ya mifuko. Atupele, aliyekuwa amengoja hapo tangu asubuhi, alimtazama shemeji yake kwa muda, kisha akamnyooshea mkono akamsaidia kushuka. Huo ndio msamaha uliotolewa, na haukutamkwa zaidi ya hapo.

Na kuanzia siku ile mpaka mlivyotukuta leo, pikapu ya Nyangulo hainunuliwi kwa kupanda. Inapakiwa hapa juu, fundi aliyeitengeneza anakaa juu ya mzigo akiwa ameupa mgongo mteremko, na anayeendesha ni fundi wa karakana nyingine. Magari ya kisasa yenye injini kubwa yanapita hapa kila siku, na najua huko mlikotoka makampuni yanashindana kutangaza nguvu za injini zao kwenye mabango marefu. Wanaweza. Sisi tukipewa gari jipya tunauliza kwanza nani ameshuka nalo.

Mara nyingine hutokea kwamba fundi anapanda, anakaa juu ya mifuko, anatulia kidogo akitazama juu, kisha anashuka mwenyewe na kusema, "Hili bado." Mnunuzi hukasirika, hasa akiwa ametoka mbali. Likitokea leo, nawaomba msimzomee wala msimwulize sababu. Sisi hatuulizi. Tunainuka wote, wanaume kwa wanawake, tunamsaidia kushusha mifuko.